Mjane wa Kinywani

Dada yangu ni daktari wa meno asiyependa kung'oa meno, na jambo hilo limemkosesha raha kazini tangu alipoajiriwa. Watu wanaofika kliniki kwake wanakuja wameshaamua. Mkono shavuni, uso umekunjamana, na neno moja tu mdomoni: "Ng'oa." Yeye anawaambia, "Subiri kwanza, tutazame." Ndiyo maana wakampa jina la Bi Subiri, na siku hizi hata mlinzi wa getini anawaelekeza wagonjwa kwa jina hilo. Wenye haraka zao huuliza kama Bi Subiri yuko zamu, na wakiambiwa yuko, wengine wanageuza.

Mimi ni mdogo wake, fundi wa injini za dizeli. Nimemwona akirudi kazini kanuna kwa miaka mingi, kiasi kwamba akirudi anatabasamu namuuliza nani kafukuzwa. Tunakaa ua mmoja: yeye na mama nyumba ya mbele, mimi na mke wangu ya nyuma, na karakana yangu iko upande wa barabarani. Kwa hiyo hasira zake zote zinapitia kwangu kabla hazijafika ndani.

Kazi anayoipenda ni ile watu wanayoiita kuua jino. Jina hilo linampandisha mori. "Siui kitu mimi," husema. "Jino limeshakufa lenyewe. Mimi nalisafisha ndani ili libaki." Anatoboa jino kwa juu, anakwangua uozo ulio ndani ya mzizi kwa vyuma vyembamba kama unywele, anaosha kwa dawa kali, ndugu wa ile ya kufulia nguo nyeupe, halafu anaziba. Kazi ikienda vizuri, jino linakaa miaka na mwenyewe anasahau kwamba liliwahi kumliza. Ikienda vibaya, uchafu kidogo unabaki kwenye ncha ya mzizi, na kuziba hapo ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Shida ni dawa kufika kwenye ncha. Ndani ya mzizi kuna mfereji mwembamba, nao una vichochoro vya pembeni visivyoingilika kwa chuma chochote. Dawa peke yake ndiyo ingeweza kuingia humo, na dawa haifiki. Inajaa juu, inang'aa, unadhani umemaliza, kumbe chini kumekaa kiputo cha hewa kimeizuia. Kuna mashine ya kutikisa dawa ndani ya jino mpaka ipenye. Kliniki ya dada ilipewa moja. Ikafanya kazi kidogo, ikaharibika, ikapelekwa stoo kusubiri fundi, na huko imekuwa mwenyeji. Kuna pia sindano nyembamba zenye tundu ubavuni, ambazo zinashuka chini kabisa bila kubana na bila kusukuma dawa nje ya mzizi. Hizo dada ameziomba mpaka midomo imemkauka. Mtunza stoo anamletea nene.

"Hizi zinaishia nusu ya njia," dada alimwambia siku moja mbele yangu.

"Daktari, sindano ni sindano," yule bwana akajibu, akageukia redio yake.

Dada alitoka pale kimya, akatembea mpaka kwenye gari langu, akakaa, akafunga mkanda, ndipo akapiga kelele moja iliyomfanya muuza magazeti aliyekuwa upande wa pili wa barabara avuke aje kuuliza kama kuna msiba.

Mganga mkuu wa kliniki naye hana msaada. Ni mtu wa foleni. Akichungulia benchi la wagonjwa likiwa limejaa, anamwambia dada, "Jino moja unalishikilia asubuhi nzima. Wenzako wangekuwa wameng'oa watu kumi." Nami husema, basi wampe koleo langu na benchi la kanisani, amalize mtaa.

Hayo yote angeyavumilia, kwa sababu ameyazoea. Yaliyomvunja moyo ni ya jino la mama.

Mama yetu alikuwa mwalimu wa kusoma, wale wanaofundisha watoto herufi mpaka zikae. Mdomo ndio uliokuwa jembe lake. Amestaafu, lakini hakuacha kusema: alisema na majirani, alisema na redio, alisema na kuku. Meno ya chini yalimwisha yote isipokuwa chonge moja la kushoto, na yeye akalipa jina la Mjane. "Wenzake wote wamekwenda, yeye kabaki na nyumba," alikuwa akisema. Meno yake ya bandia ya chini yalishikiliwa na waya mdogo uliojikunja kwenye Mjane. Taya lake limelika, limekuwa bapa, hakuna kingine cha kushikia. Dada alitueleza mapema bila kumung'unya: Mjane akiondoka, yale meno ya bandia hayatakaa tena.

Basi Mjane akaanza kuoza ndani, akalegea. Wakwe zangu walikuja kututembelea Jumapili moja, mama akawa anawasimulia jinsi nilivyokuwa mtoto nikificha viatu ili nisiende shule. Alipofika pale penye kicheko, meno yote ya chini yakaruka, yakatua katikati ya meza, karibu na kikombe cha baba mkwe. Hakuna aliyecheka. Baba mkwe, kwa adabu, akatazama dirishani kana kwamba kuna kitu nje. Mama akayachukua, akayafunga kwenye leso, na hadithi ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo akawa anasema kwa maneno machache na kiganja mdomoni. Ndiyo. Hapana. Mmepika? Kuku wenyewe walishangaa. Dada alimtazama hivyo kwa muda, kisha akamwambia mbele yangu, "Mama, Mjane sitamng'oa. Nitamsafisha, atakaa." Ilikuwa ahadi, na mama akaitikia kwa kichwa.

Akamtibu mara ya kwanza. Alipomaliza kuosha, akamgonga jino kwa mpini wa kioo, akauliza, "Inauma?"

"Haiumi," mama akasema.

Akaziba. Haukupita muda mrefu, kipele kikatokea kwenye ufizi chini ya Mjane, kikawa kinatoa usaha. Dada akafungua upya, akakwangua, akaosha, akaosha tena, akauliza, "Inauma?" Haiumi. Akaziba. Kipele kikarudi palepale, kikubwa zaidi. Mganga mkuu akaiona picha ya eksirei, lile baka jeusi chini ya mzizi, akasema, "Ng'oa, Bi Subiri. Hata mama yako foleni inamhusu."

Hapo lazima nieleze kitu kuhusu mama na neno "haiumi". Mama yetu hajawahi kuumwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyotulea. Alimwagikiwa na maji ya moto mguuni, haiumi. Alianguka na baiskeli, akaingia darasani akaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umeteguka, haiumi. Baba alipofariki tulimkuta jikoni, tukamuuliza, akasema yuko sawa na sisi tukanawe mikono. Tulikua tukiamini kwamba mama kaumbwa kwa udongo mwingine. Dada, na udaktari wake wote, aliliamini neno hilo kuliko eksirei.

Kwa hiyo hakumtilia shaka mgonjwa. Alijitilia shaka mwenyewe, na dawa yake.

Akaanza kuniletea meno karakanani. Meno ya watu, yaliyong'olewa na wenzake, kwenye chupa ya maji. Alikuwa anayaziba ncha kwa nta ya mshumaa, ili hewa isipate pa kutokea, kama ilivyo ndani ya taya. Halafu anayatia wino wa buluu kwa sindano badala ya dawa, anasubiri, kisha ananiambia nifungue jiliwa. Tulikuwa tunalibana jino kwenye jiliwa langu, analikata ubavuni kwa msumeno mdogo, analipasua, anatazama wino umefika wapi. Kila mara buluu juu, nyeupe kwenye ncha. Wateja wangu waliokuja kuchukua pampu zao walikuta daktari amevaa miwani ya kuchomelea, kashika jino mkononi, anatukana kwa sauti ya chini. Mmoja aliondoka na gari lake kabla sijamaliza kufunga boliti.

Mimi nikaona nimsaidie. Injini ya dizeli ikiingiwa hewa kwenye bomba la mafuta, haiwaki mpaka uitoe hewa. Nikamwambia, kwa majivuno kidogo, "Dada, hiyo ni hewa. Lazima uitoe."

Alinitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye chai.

"Hewa naijua, fundi. Hewa nilifundishwa nikiwa bado nakaa bwenini. Kila mtu anaijua hewa! Niambie namna ya kuitoa kwenye tundu lisilo na boliti, lililo ndani ya mtu, tena mtu mwenyewe ni mama."

Nikarudi kwenye pampu yangu.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Mke wangu alisema chumvi. Jirani alisema mama anyamaze, meno hupenda utulivu. Muuza dawa wa kona alisema kuna dawa mpya, akaleta ileile ya kawaida kwenye chupa ya rangi nyingine. Dada alijaribu kupasha dawa moto kwenye bakuli la maji, ikasaidia kidogo. Akajaribu kuongeza muda, ikasaidia kidogo. Jioni moja alikaa juu ya tairi, kashika tama, pasuo la jino mbele yake, akasema, "Nimechoka kusaidiwa kidogo."

Kilichofanya kazi mwishowe hakikuwa kipya. Alikuwa amekisoma zamani, na mikono yake haikuwahi kukizoea. Kuna vijiti vya mpira, vyembamba, vya kuzibia mzizi. Unachagua kijiti kinachokaribia upana wa mfereji, unakiingiza mfereji ukiwa umejaa dawa, unakisukuma juu na chini taratibu, hatua fupifupi, kama mtu anayesukuma kizibo kwenye chupa ya maji. Kijiti kinakivunja kiputo, dawa inafuata. Mwanzoni alikuwa anasukuma kwa nguvu mno, wino unaruka juu. Akapunguza. Akabadili unene wa kijiti. Akakosea tena, akatupa koleo langu chini, akaliokota. Halafu tukapasua jino, na lilikuwa buluu mpaka mwisho. Akapasua jingine. Buluu. Aliyashika mapande yote mawili kiganjani, akayatazama, na mimi kwa mara ya kwanza sikumkatisha.

Siku ya matibabu ya tatu ya Mjane niliwapeleka mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa chumba cha matibabu. Msaidizi wa dada alikuwa pale na bomba la kunyonyea mate. Mama alilazwa, mdomo ukapanuliwa, na kikawekwa kile kitambaa cha mpira kinachofunika kinywa chote na kuacha jino moja tu likichomoza katikati. Mjane alionekana mpweke kwelikweli. Dada hakumchoma sindano ya ganzi. Jino lililokufa halihitaji, alisema, na alitaka mama awe macho, amwambie dawa inapogusa chini.

Akatia dawa, akasukuma kijiti. "Unasikia kitu, mama?"

Mama akatikisa kichwa.

Akasukuma tena, kama alivyofanya kwenye jiliwa. "Hata kidogo?"

Kichwa kikatikisika tena. Nilimwona dada akikunja uso. Karakanani wino ulifika. Hapa mgonjwa hasikii chochote. Basi hewa bado ipo, ndivyo alivyowaza, maana aliniambia baadaye. Akaweka kijiti pembeni, akachukua sindano. Zile nene za stoo ndizo zilizokuwapo. Akaishusha mpaka ikabana, akabonyeza kwa kidole gumba.

Mama akasema kitu chini ya mpira.

"Unasemaje, mama?"

"Inaua," mama akasema.

Mimi, dada na msaidizi tulicheka. Mama alikuwa amewahi kumtania dada kwamba kaliua jino, sasa analiosha, bado kulizika, nasi tulifurahi kumsikia anatania tena. Dada akasema kwa furaha, "Ndiyo, mama, inaua. Inaua wadudu wote," akabonyeza zaidi.

"Inaua!" mama akasema. "Inaua! Inaua!"

Msaidizi ndiye aliyeona machozi yakitiririka kuelekea masikioni. Dada akaichomoa sindano kwa haraka, akang'oa kitambaa cha mpira, na midomo ya mama ikakutana kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Inauma," mama akasema.

Mtu aliyepanuliwa mdomo hawezi kufunga midomo, na asiyefunga midomo hawezi kutamka ma. Jaribu mwenyewe. Mwanamke aliyefundisha mtaa mzima herufi hiyo aliisema mara tatu kwa binti yake, ikatoka bila ma, na binti akamjibu kwa furaha. Lilikuwa neno ambalo hatukuwahi kulisikia kinywani mwake maisha yetu yote.

Sindano nene ilikuwa imebana ndani ya mfereji, na dawa ikikosa njia ya kurudi juu inatafuta ya chini. Ilipita nchani, ikaingia kwenye nyama. Shavu la mama likavimba hapohapo tukiona, na kufikia kesho yake likawa jeusi mpaka shingoni. Dada alimwosha kwa maji ya chumvi, akampa dawa za maumivu, akamweka barafu. Mganga mkuu alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka bila kusema, na hilo lilikuwa baya kuliko kusema.

Nyumbani, mama akiwa kitandani na kitambaa cha barafu, dada akakaa ukingoni.

"Ulikuwa unasikia tangu mwanzo?"

"Nilisikia."

"Kwa nini ulitikisa kichwa?"

"Nisikukatishe kazi."

"Na zile mara mbili za kwanza? Nilipogonga?"

Mama akageuza kitambaa cha barafu. Kisha akasema, kwa lile shavu lake, "Nilimeza vidonge kabla ya kuja. Yule mkubwa wako alikuwa anachungulia mlangoni. Ungeonekana hujui kazi."

Nilitamani kupiga ukuta. Miezi mizima! Miezi mizima ya wino na nta na meno ya watu kwenye jiliwa langu, kumtafuta mchawi ndani ya dawa, na mgonjwa alikuwa anamficha daktari ugonjwa. Na hasira yangu haikujua pa kwenda, maana ungemkasirikia vipi mama mwenye shavu jeusi aliyefanya hivyo kwa ajili ya mtoto wake? Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Shavu lilipona, rangi ikapita kwenye kijani na manjano ikaisha. Dada akasema hamgusi tena. Atamtafutia mwenzake amng'oe, amalize. Mama akakataa katakata.

"Uliniahidi," akasema, kiganja mdomoni.

"Mama, nilikuchoma."

"Ulinichoma kwa sababu nilinyamaza, na niliposema hukusikia. Makosa mawili, moja langu moja lako. Sasa tukae tuyasahihishe."

Ukimkosea mwalimu, lazima mkae msahihishe. Tukakaa mezani, mimi, dada na mama, kutafuta neno. Dada alitaka ainue mkono. Mama akasema yeye si mwanafunzi, na zaidi ya hayo mikono yake itakuwa imeshikilia kiti. Alitaka neno. Basi likatafutwa neno lisilohitaji midomo. Mama aliweka vidole viwili mdomoni, akaitanua midomo, akajaribu.

"Basi," akasema. Ikatoka hasi.

"Simama." Ikatoka si-a-a.

"Jaribu 'subiri'," nikasema. "Walau mtu amwambie yeye kwa zamu yake."

Akajaribu, ikatoka sugiri, na dada, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ile, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mama akaendelea bila kujali, akapita maneno kama anayepanga darasa, mpaka akafika kwenye "acha." Akalisema na vidole mdomoni. Lilitoka zima. Akalirudia kwa sauti ya ubaoni: "Acha!" Kuku wakakimbia nje.

"Hilo," mama akasema. "Na vidonge simezi."

Mara hii dada hakuishusha sindano ya stoo mpaka chini. Aliiweka juu tu, ikiwa imelegea, akaiacha dawa idondoke yenyewe. Kisha akashika kijiti cha mpira. Mganga mkuu alikuwa amesimama mlangoni tena, mikono nyuma, foleni ikiwa imejaa mgongoni kwake. Mimi nilikuwa kwenye kiti kilekile cha plastiki.

Dada akasukuma taratibu. Juu, chini, hatua fupi.

"Acha!"

Mkono ukasimama palepale. Dada akangoja, akauliza kama inachoma sana au kidogo. Mama akaonyesha kidole kidogo. Akaendelea.

"Acha!"

Akasimama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Benchi zima huko nje lilikuwa linasikia, na mtu mmoja akauliza kwa sauti kama humo ndani kuna ugomvi. Mganga mkuu akakohoa. Dada hakugeuka. Viputo vidogo vilianza kupanda kwenye tundu la Mjane, dawa ikabadilika rangi ikawa kama maji yaliyooshewa mchele, msaidizi akainyonya, ikatiwa nyingine, kijiti kikarudi.

"Acha! Acha!"

"Nimeacha, mama. Asante."

Nadhani alisema asante kila mara. Mama alisema acha na dada akasema asante, acha, asante, mpaka dawa iliyokuwa inapanda ikawa safi kama ilivyoingia. Sijui kama mama alikuwa anaumwa kila mara aliposema. Nina wasiwasi alionja utamu wake. Kufikia mwisho mganga mkuu alikuwa ameondoka na dada hakujua ameondoka saa ngapi.

Hakuziba siku hiyo. Alitia dawa ya kukaa humo ndani siku kadhaa, akamwita tena, akaosha tena kwa namna ileile na kelele zilezile, ndipo akaziba. Kipele kwenye ufizi kikanywea, kikafunga. Eksirei ya baadaye ilionyesha lile baka jeusi limepungua, halijaisha, na dada hataki mtu aseme limepona mpaka aseme yeye. Mashine bado iko stoo. Wiki hii ameletewa boksi jipya la sindano, akalifungua kwa matumaini, zikawa nene kuliko za kwanza. Alirudi nyumbani kanuna kama kawaida.

Lakini Mjane amekaza. Waya umeshika. Mama kaondoa kiganja mdomoni na anasema tena, na hapo ndipo shida yetu mpya ilipoanzia, maana sasa anasema kila kitu. Chai inaunguza. Kiti kinabana. Mto una fundo. Mke wangu ameshahamisha kiti mara mbili. Nilianza kuchoka, nasema kweli, nikawa nakula haraka ili nitoke.

Juzi tulikuwa mezani sote, mama anatafuna muhindi wa kuchoma, kitu ambacho hakukigusa kwa muda mrefu, anavunja punje kwa upande wa Mjane huku dada akimtazama kwa hofu. Mama akasimama kidogo, akasema, "Goti linauma."

"Limeanza leo?" nikauliza. Nilikuwa nataka kwenda zangu.

"Leo!" mama akasema. "Limeanza nilipokuwa nakubeba wewe mgongoni kwenda shule."

Nikaweka kijiko chini. Dada alikuwa ameshainuka, amezunguka meza, amepiga magoti mbele yake.

"Goti lipi, mama?"

"Yote mawili," mama akasema, akaendelea kutafuna.